Ukitaka Kuijua Moi Avenue, Anzia Stesheni

Baba yangu alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli ya Nairobi, na mpaka tunamzika hakuwahi kuitamka Moi Avenue. Kwake ilibaki Gavamenti Rodi. "Napanda Gavamenti Rodi mara moja," alisema kila Jumamosi mchana akishanawa mafuta mikononi, nasi watoto wa landi za Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli, tulijua anakwenda kutazama viatu madirishani. Kwa muda mrefu niliamini ni barabara mbili: ya baba, na ile iliyoandikwa kwenye vibao. Nilikuwa darasa la nne nilipogundua kwamba ni moja. Nilikasirika sana siku hiyo, kana kwamba watu wazima walikuwa wamenificha kitu.

Leo nafundisha historia, na kila mwaka nawatembeza vijana wa kidato cha pili kutoka Stesheni hadi bustani ya Jeevanjee, daftari mkononi. Wazazi huniuliza nifanyaje, na walimu wenzangu pia, kwa hiyo naieleza hapa njia ninayoifuata. Unaweza kuifuata peke yako au na mtoto wako. Itakula asubuhi moja ya kutembea, siku mbili tatu za kusoma, na jioni kadhaa za kukaa na wazee. Hizo jioni usizipunguze.

Ipe stesheni mgongo

Wengi wakitaka kuandika habari za Moi Avenue huanzia katikati, pale Archives, kwenye hifadhi ya nyaraka, kwa kuwa ndipo penye jengo la kupendeza. Mimi huwakataza. Barabara hii ilizaliwa na stesheni, na mtoto humwelewi kabla ya kumjua mama yake.

Nenda Jumapili asubuhi, kabla ya saa tatu, wachuuzi hawajatandaza bidhaa na matatu hazijaziba njia. Simama nje ya stesheni ya reli, uipe mgongo, utazame kaskazini kule mjini.

Kabla ya kutazama majengo, tazama ardhi unayoikanyaga. Ni tambarare, na utambarare huo ndio sababu ya jiji zima kuwa hapa. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali hapa tarehe 30 Mei 1899, maili 327 kutoka pwani, yaani kama kilomita 530. Mbele yake palikuwa na mpando wa nchi ya Wakikuyu, na baada ya mpando, mteremko mkali wa kuingia Bonde la Ufa. Wahandisi walihitaji mahali pa kupanga mabehewa, kurundika reli na mataruma, na kujenga karakana kabla ya kuukabili mlima. Walihitaji na maji, maana injini ya mvuke bila maji ni chuma tu. Wamaasai walikuwa wakipaita Enkare Nairobi, maji ya baridi. Basi pakachaguliwa kuwa kambi na bohari ya reli. Makao makuu ya utawala yalikuwa bado Mombasa, na hayakuhamia hapa mpaka mwaka 1905, wakati treni zilikuwa zimekwisha kufika Kisumu tangu Desemba 1901. Stesheni ilitangulia, serikali ikaja nyuma yake kama abiria.

Sasa fungua daftari, na kwenye ukurasa wa kwanza andika majina matatu, moja chini ya jingine: Station Road, Government Road, Moi Avenue. Ni barabara hiyo hiyo iliyo mbele yako. Ilipokuwa njia tu ya kutoka kwenye treni kwenda kwenye mahema, vibanda vya mabati na maduka ya kwanza, iliitwa kwa jina la stesheni. Serikali ya kikoloni ilipokita mizizi, ikajipa jina lake yenyewe. Moi alipokuwa rais mwaka 1978, barabara ikachukua jina lake. Kando ya kila jina andika swali moja: ni nani aliyekuwa na nguvu ya kuibandika jina barabara hii wakati huo? Reli, koloni, jamhuri. Ukilishika swali hilo hutapotea, hata utakapozama kwenye makaratasi.

Shuka hadi njia panda ya Haile Selassie Avenue na uulize swali lile lile. Zamani hii iliitwa Whitehouse Road, kwa jina la George Whitehouse, mhandisi mkuu aliyeisimamia reli hii, wakati huo ikiitwa reli ya Uganda, ilipojengwa. Jina la mhandisi wa kikoloni likaondoka, la mfalme wa Ethiopia likaingia. Wanafunzi wangu huona ni jambo dogo mpaka nikiwaambia wahesabu majina ya watu wa reli yaliyobaki kwenye vibao vya katikati ya mji.

Kwenye kona

Hapo hapo kwenye njia panda, upande wa Moi Avenue, pana bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7. Mahali hapa paliposimama ubalozi wa Marekani palilipuliwa Ijumaa asubuhi, tarehe 7 Agosti 1998. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka kabisa. Watu 213 walikufa Nairobi, na maelfu wakajeruhiwa, wengi kwa vioo, kwa sababu waliposikia mlipuko wa kwanza mdogo walikimbilia madirishani kutazama.

Usipite haraka. Ingia, nenda kwenye ukuta wenye majina, uyasome kwa sauti ya chini. Sisemi hivi kwa kuwa ni adabu tu. Ukiyasoma majina kwa sauti utasikia ni ya watu wa kila kabila na kila dini: makarani, wanafunzi wa chuo cha uhazili, wapita njia waliokuwa wameshuka stesheni au steji za karibu wakielekea kazini. Ule ukuta ni orodha ya watu waliokuwa wakiitumia barabara hii asubuhi moja ya kawaida. Sijaona rejista nyingine ya namna hiyo.

Utakapoanza kuwahoji watu, anza na siku hiyo. Ukimuuliza mtu "niambie historia ya Moi Avenue" atakutazama tu. Ukimuuliza "ulikuwa wapi bomu lilipolipuka?" atavuta kiti.

Tembea ukitazama juu

Kuanzia hapo panda pole pole, na sheria ni moja: usitazame madirisha ya maduka. Orofa ya chini ya mtaa wa biashara hubadilika kila akibadilika mpangaji. Leo simu, kesho mitumba, keshokutwa dawa. Juu ya mabango ndipo jengo hubaki vile fundi alivyoliacha: nakshi za dirishani, jina la familia iliyojenga, mara nyingine mwaka uliochongwa kwenye kichwa cha ukuta. Vuka uende upande wa pili ili uone vizuri. Andika kila mwaka unaouona na mahali ulipo. Simu iache mfukoni mpaka usimame ukiwa umeegemea ukuta. Wezi wa barabara hii wana mbio, na mwanafunzi wangu mmoja alipokonywa ya mamake akiwa anapiga picha ya dirisha.

Kumbuka pia usichoweza kukiona. Nairobi ya kwanza ilikuwa ya mbao na mabati, na ndiyo maana haipo. Mwaka 1902 tauni iliingia mjini, na watawala wakaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Kwa hiyo ukiona jengo la mawe la miaka michache baada ya hapo, simama. Lina maana kwamba kuna mtu aliyeamua kuwa mji huu hautahama.

Jengo kama hilo liko mbele yako ukifika pale watu wanapopaita Ambassadeur. Ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Archives. Lilijengwa 1906 kuwa benki, National Bank of India, na nguzo zake nene zilikusudiwa kumwambia mtu aliyeshuka kwenye treni na fedha zake kwamba hapa hazitapotea. Nchi ilikuja kuweka ndani yake makaratasi mahali pa pesa, na mimi naona ilifanya vyema.

Hapo mbele kuna sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka 2011. Na hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo andika vizuri. Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, alipigwa risasi Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi mchana, akitoka kwenye duka la dawa la Chhani. Duka hilo lilikuwa Government Road, yaani barabara hii unayoipanda. Mtaa uliopewa jina lake ni ule unaofuata, nyuma ya Archives, ambao zamani uliitwa Victoria Street. Kila mwaka napata insha inayosema Mboya aliuawa Tom Mboya Street. Kosa hilo linatoka kwa mtu aliyesoma kibao akadhani kibao ni ushahidi.

Majina ambayo hayakuandikwa popote

Ukiwa hapo simama dakika kumi usikilize makanga. Utawasikia wakiita steji: Ambassadeur, Archives, Koja, Odeon, Bomblast, Railways. Yaandike yote. Hakuna hata moja lililopigiwa kura na baraza la jiji.

Naamini haya ndiyo majina ya kweli ya barabara hii na jirani zake, na mtu anayeandika historia akiyaacha amekiacha kiini. Koja ni msikiti wa Wakhoja, Waislamu wenye asili ya India, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukiwa pale juu Moi Avenue inapokutana na River Road. Abiria wa leo anashuka Koja bila kujua Wakhoja ni nani. Odeon ilikuwa sinema ya upande wa Tom Mboya Street, na vijana wanaolitaja jina hilo kila siku hawakuwahi kununua tiketi ya filamu pale. Hilton ilifunguliwa Desemba 1969 na ikafungwa mwisho wa 2022, lakini hata wiki iliyopita nilimsikia kijana akisema kwenye simu, "Nipate pale Hilton." Serikali inaweza kubadilisha kibao kwa siku moja. Jina la mahali pa kukutana huwezi kulibadilisha, kwa sababu ukilibadilisha watu watapoteana.

Kwa hiyo weka safu mbili katika daftari. Kushoto majina ya vibao, kulia majina ya midomo. Mbele ya kila jina la mdomo andika lilitokana na nini na kama hicho kitu bado kipo. Baba yangu angekaa safu ya kulia.

Endelea kupanda hadi Jeevanjee. Bustani ile ilitolewa na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyejitajirisha kwa kuihudumia reli kwa vibarua na bidhaa, na ilifunguliwa 1906 pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Miaka ya 1990 ilipoanza, kulikuwa na mpango wa kuichimba ili pajengwe maegesho ya magari na maduka; mjukuu wake Zarina Patel alisimama kuipinga, watu wakamuunga mkono, na bustani ikabaki. Keti kwenye benchi, upumzishe miguu, usome ulichoandika. Hapo ndipo matembezi yangu huishia, ingawa barabara inaendelea kidogo.

Siku ya makaratasi

Rudi Archives siku ya kazi. Jiandikishe kuwa msomaji, uende na kitambulisho, na ubebe penseli, si kalamu ya wino. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili. Utazame ukitoka, maana ukianza nao hutapanda juu.

Sharti la kwanza la chumba cha wasomaji: tafuta kwa jina la zamani. Kijana akiandika "Moi Avenue" kwenye karatasi ya maombi anarudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu. Andika Government Road. Andika Station Road. Andika Uganda Railway kwa miaka ya mwanzo, East African Railways and Harbours kuanzia 1948, Kenya Railways baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Kila shirika liliacha mafaili kwa jina lake, na mengi hayajui kwamba ndugu zake wapo.

Halafu kuna gazeti rasmi la serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899, mwaka ule ule wa reli kufika. Ndilo ninalolipenda kuliko yote, na nakala zake nyingi zinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Usilisome kama gazeti la habari. Tafuta matangazo madogo madogo: maombi ya leseni za pombe, mirathi, watu waliofilisika, viwanja vilivyouzwa. Matangazo hayo yanataja jina la mtu, biashara yake na barabara. Ukikusanya ya mwaka mmoja, utaona Government Road ikijaa watu: mwenye hoteli, mshona nguo, muuza mvinyo, wakili. Ukichukua mwaka mwingine, miaka kumi mbele, utaona nani ameondoka na nani amechukua duka lake. Nilikaa na kazi hiyo likizo nzima ya Agosti, na hakuna somo la chuo lililonifundisha zaidi.

Magazeti ya kawaida nayo yana kazi. Standard ilianzishwa na Jeevanjee yule yule Mombasa mwaka 1902, kisha ikahamia Nairobi 1910. Kwa tukio lenye tarehe, kama kifo cha Mboya, soma toleo la siku iliyofuata na la wiki iliyofuata. La kwanza hukupa vurugu, la pili hukupa mpangilio, na mara nyingi hayakubaliani.

Ramani za zamani za mji ziko Survey of Kenya kule Ruaraka. Nenda na jina la barabara na miaka unayoitaka, usiende kuuliza tu "mna nini." Ukipata ramani mbili za miaka tofauti, ziweke juu ya meza kwa kulinganisha jinsi njia za treni zilivyoingia mjini.

Rudi kwenye chuma

Siku nyingine rudi stesheni, kisha tembea hadi Makumbusho ya Reli iliyo karibu nayo. Ilifunguliwa 1971, wakati injini za mvuke zilikuwa zinastaafishwa, na kuna watu waliookoa kwa mikono yao vitu ambavyo vingeuzwa vyuma chakavu.

Peleka kipimo cha mkanda cha fundi. Pima nafasi kati ya reli mbili: mita moja kamili. Ukipima njia ya treni mpya ya Madaraka, iliyoanza 2017 na inayoishia Syokimau badala ya hapa, ungepata milimita 1,435. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya mtu wa Mombasa kushuka nje ya mji akapanda treni ndogo ya kumleta stesheni ya zamani. Mtoto akiipima mwenyewe hatasahau.

Kisha chuchumaa. Reli ina kichwa kinachokanyagwa na gurudumu, ina wayo unaolala kwenye taruma, na katikati ina kiuno chembamba. Sugua kiuno hicho kwa kitambaa. Mara nyingi utakuta herufi zilizoinuka kwenye chuma chenyewe: jina la kiwanda, mwaka, uzito. Ziliwekwa chuma kilipokuwa bado cha moto kiwandani. Baba alinionyesha nikiwa na miaka tisa, kwenye kipande cha reli kilichokuwa kimelala nyuma ya karakana. Alinishika kidole akakipitisha juu ya tarakimu moja moja, kwa kuwa kutu ilikuwa imezifunika hata macho hayazioni, na kidole kikazisoma. Sikumbuki mwaka wenyewe. Nakumbuka kwamba chuma kilikuwa na joto la jua na kwamba baba alinyamaza mpaka nikamaliza. Wafanye wanafunzi wako vivyo hivyo, waombe ruhusa kwanza kwa wahudumu, na wasivuke kamwe kwenye njia ambazo treni bado zinapita.

Injini kubwa kuliko zote pale ni namba 5918, Mount Gelai, ya aina ya Garratt. Injini za kundi lake zilikuwa 34, zilizotengenezwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Simama kando yake umtazame mtu mzima akiwa karibu na magurudumu. Halafu tafuta behewa namba 12, dogo, la mbao. Mwezi Juni 1900 afisa wa polisi Charles Ryall alilala humo kwenye stesheni ya Kima akimvizia simba mla watu, na simba ndiye aliyeingia na kumtoa. Watoto hutaka kukaa kwenye behewa hilo siku nzima. Waache kidogo, kisha waambie na hesabu nyingine: zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na ajali. Hao hawana behewa.

Wazee

Nimeyaacha haya mwisho kwa makusudi. Ukienda kwa mzee ukiwa mtupu utampotezea wakati wake. Ukienda umekwisha kutembea na kusoma, utajua cha kumuuliza, na yeye atajua kwamba unamheshimu.

Wapate wastaafu wa reli. Wengi walikaa landi za Muthurwa au Makongeni, na ukimpata mmoja atakupeleka kwa wenzake. Nenda na mtu anayemfahamu, usianze kuandika mpaka mmekunywa chai, na mwulize juu ya kazi yake kwanza kabla ya mambo makubwa. Mwulize alipokea mshahara wapi, aliununua wapi mkate, alipita mlango gani kuingia kazini.

Nikupe mfano wa kosa langu. Mzee mmoja aliyefanya kazi na baba aliniambia kwamba siku ya kifo cha Mboya alikuwa stesheni na aliisikia risasi. Niliandika, nikawasomea wanafunzi miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, inawezekana kweli?" Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nilitoka mlango wa stesheni nikihesabu hatua hadi pale kwenye sanamu. Zilikuwa elfu moja na ushei. Mji wa Jumamosi mchana, magari, treni zinapangwa, karakana iko karibu, na risasi zimepigwa mlangoni pa duka zaidi ya hatua elfu mbali. Nilisimama pale nikiona haya.

Nikarudi kwake. Sikumwambia kwamba amesema uongo, kwa kuwa hakusema uongo, na wewe pia usije ukamwambia mzee neno hilo. Nilimwuliza tu, "Mzee, siku ile ulisikia mlio, au ulisikia habari?" Alikaa kimya muda mrefu, akizungusha kikombe. Kisha akasema, "Nilisikia watu. Walikuja wakikimbia kutoka juu, wakilia, wakiteremka huku kwetu stesheni. Hapo ndipo nilipojua risasi imelia." Ukweli huo ni mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ulinionyesha watu waliotishika katikati ya mji wakiishuka Gavamenti Rodi hadi stesheni, kwa kuwa ndipo penye njia ya kwenda nyumbani. Hakuna gazeti nililolisoma lililoniambia hivyo.

Kwa hiyo kila neno la mzee lipe alama moja kati ya tatu katika daftari: aliona, alisikia mwenyewe, au aliambiwa. Mwulize bila kumbana. Jambo kubwa litafutie mtu wa pili asiyekaa jirani na wa kwanza. Pale wanapopishana, andika yote mawili na usichague mpaka umetembea mwenyewe ukapima.

Ukishamaliza kuandika, rudi umsomee. Usimpelekee karatasi akasome peke yake kwa miwani ya zamani; kaa, usome kwa sauti, pole pole. Mimi nilimsomea mzee huyo kurasa saba jioni moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akanisimamisha mara moja tu, pale nilipoandika Government Road kwa tahajia ya Kiingereza.

"Hapo umekosea, mwanangu," akasema. "Babako hakusema hivyo. Andika Gavamenti Rodi."

Nikafuta, nikaandika.